Babu wa Kismayu na wake zake saba: mwongozo wa kufuatilia kazi na ndoa za mzee wa zama za ukoloni

Nyumba nyingi za Lamu zina mzee mmoja aliyekuwa "mkubwa serikalini". Kwetu alikuwa baba yake babu. Tulikua tukiambiwa kwamba alikuwa liwali, yaani mkuu wa mji, wa Kismayu, kwamba hakuvua tarbushi ila kwa kulala, na kwamba alioa wake saba. Nilipomaliza kumfuatilia, miaka minne baadaye, uliwali ulikuwa umeyeyuka: mzee alikuwa karani wa forodha. Wake saba walibaki watatu wenye ushahidi na mmoja wa kusemwa. Tarbushi ilikuwa kweli, picha ipo.

Nawaandikia watu wa Lamu, Malindi na popote mwambao wanaotaka kumtafuta mzee wa aina hiyo, wasipotee kama nilivyopotea mimi mwaka wa kwanza. Nilipotea kwa sababu nilianza na ndoa. Wewe anza na kazi. Mkoloni hakujali mzee wako alimpenda nani, ila alitaka kujua rupia zake zimekwenda mfukoni mwa nani, na hapo ndipo makaratasi yalipozaliwa. Ndoa nyingi ziliacha watoto na maneno tu. Ukishajua mzee alikuwa bandari gani mwaka gani, yale maneno yanapata pa kupimwa.

Kaa na wazee, lakini usiulize wake

Kwanza ujue unavyoonekana. Tangu mradi wa LAPSSET, ule wa bandari na barabara, uzinduliwe Lamu Machi 2012, mtu akiulizwa "babu yako alikuwa na ndugu wangapi?" husikia "shamba lenu liko wapi?" Ami yangu mmoja alininyamazia miezi sita kwa hilo. Kwa hiyo sema nia yako mapema, nenda na mkubwa wa ukoo anayeheshimiwa, na kwa kina bibi nenda na mamako au dadako. Mimi mambo makubwa yote niliyapata ndani kwa wanawake. Barazani nilipewa sifa.

Swali la "alioa wangapi?" lina jibu la majigambo au la aibu, na yote mawili hayakufai. Uliza vitu vilivyoonekana kwa macho. Alikufa wapi? Nani alimuosha? Aliporudi safari alishukia nyumba gani, mtaa wa Mkomani au wa Langoni? Watoto wake wa mbali walipokuja Lamu walilala kwa nani? Na swali langu la dhahabu: alipokufa, nani alikaa eda?

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mtaa mzima hujua ni nyumba gani. Mtu aweza kusahau harusi ya miaka themanini nyuma, ila hasahau kwamba mamake alimkataza kupiga kelele karibu na chumba cha mwenye eda. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa amekwisha pita miaka tisini, hakujua idadi ya wake wa mzee. Alisema tu, "Mwanangu, yule alikuwa mtu wa kutembea, kula bandari ana nyumba" ("kula" kwetu ni "kila"). Nilipomuuliza habari za eda alijibu papo hapo, kama alivyohadithiwa na mamake: mmoja alikaa hapa Langoni, mwingine akapelekewa barua Malindi akakaa huko. Wawili. Shika namba hiyo, itarudi.

Rekodi kwa simu ukiruhusiwa, lakini andika pia kwa mkono siku hiyohiyo, na andika maneno yenyewe, usiyasafishe. "Alikuwa na nyumba Kismayu" na "alioa Kismayu" si kauli moja.

Fungua kasha

Kabla hujapanda basi la Nairobi, omba kuonyeshwa yaliyomo ndani: makasha, mabegi ya chuma, vitabu vya dini ambavyo ndani yake watu walikuwa wakiandika tarehe za kuzaliwa watoto, barua zilizokunjwa mara nane. Piga picha kila upande wa karatasi, na upande mtupu pia, maana mara nyingi hapo ndipo palipo anwani au muhuri wa posta.

Usiifunge karatasi kwa plastiki ya moto. Nilipata hati ya nikaha ya mzee na binti ami yake, nikaipeleka dukani "ihifadhiwe", ikarudi wino umekimbia nusu nzima. Kilichookoka ni tarehe, Rajabu 1325, na mahari kwa riale. Majina ya mashahidi yalikwenda na upumbavu wangu.

Karatasi nyingi za wakati huo zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha ikiwa Kiarabu au Kiswahili chetu. Kama huzisomi, tafuta mwalimu wa chuoni aliyezoea mikono ya zamani. Kusoma msahafu ni kitu kimoja, na kusoma mwandiko wa nahodha mwenye haraka ni kitu kingine. Mwambie asome mpaka mstari wa mwisho. Barua ikiisha kwa "wa katabahu fulani biyadihi", mwenyewe ameiandika kwa mkono wake. Mzee wetu alikuwa akimalizia hivyo. Hapo nikajua kwamba kalamu ilikuwa yake, na ukarani ukaanza kunukia.

Tarehe, miezi na pesa

Hapa wengi hujikwaa, nami nitakaa kidogo.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kizungu kwa siku kumi na moja hivi. Kupata mwaka wa kizungu kwa kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Rajabu 1325 inaangukia Agosti 1907. Ukitaka siku kamili tumia programu ya kubadilisha kalenda, na hata hivyo acha nafasi ya siku moja au mbili kwa ajili ya kuandama kwa mwezi. Kwa umri ni vivyo hivyo: miaka 66 ya Hijria ni kama 64 ya kizungu.

Miezi nayo ina majina ya kwetu. Mfungo mosi ni Shawwal, mfungo nne ni Muharram, mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Ukisikia "alikufa mfungo sita" usiandike Juni, kama alivyofanya binamu yangu msomi.

Halafu siku yetu huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" ni ule ambao karani wa kizungu angeuita Alhamisi usiku. Cheti kikisema Alhamisi na bibi akisema usiku wa Ijumaa, wote wawili wamesema kweli.

Pesa zitakusaidia kwa karatasi isiyo na tarehe. Mpaka 1920 mshahara ulihesabiwa kwa rupia, na kwa muda mrefu rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka 1920 ikaja florini, ikadumu kidogo sana, na 1921 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki. Florini moja ilikuwa shilingi mbili, na rupia ilibadilishwa kwa thamani hiyohiyo. Risiti ya florini umeshaipa mwaka wake karibu kabisa.

Jina lake ni majina mangapi?

Tuseme unamtafuta Athmani bin Shee. Makarani wa kizungu na wa Kigoa waliandika walichosikia: Uthman, Othman, Osman, Asmani. Shee hugeuka Sheikh, Shehe, au huachwa kabisa. Wakati mwingine "bin" huondolewa na jina la baba likakaa mwisho kama la ukoo. Orodhesha namna zote kabla ya kutafuta, na utafute zote.

Kisha kuna kawaida yetu ya kumpa mjukuu jina la babu. Athmani bin Shee bin Athmani anakuwa na babu aliyeitwa vivyo hivyo, na binamu wawili pia. Usimkubali mtu kwenye karatasi mpaka umepata jina la tatu, au jina la pili pamoja na kazi na mahali. Mimi nilimpamba mzee wetu kwa miaka mitatu ya upolisi isiyokuwa yake.

Mahali pia hubadilika. Lamu huandikwa Lamoo, Faza huitwa Rasini, na Kismayu ikishaingia mikononi mwa Waitaliani huwa Chisimaio. Lamu na jirani zake zilikuwa katika jimbo la Tanaland, na Malindi katika jimbo la Seyidie lililotawaliwa kutoka Mombasa. Ukitafuta neno "Coast" peke yake kwa miaka ya mwanzo utakosa mengi.

Serikali ipi hasa?

"Alifanya kazi serikalini" haitoshi, maana mwambao ulibadilisha mabwana mara nyingi ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kabla ya 1888 serikali ni ya Sultani wa Unguja, na barua zake utazitafuta katika nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Mwaka huo mwambao ukakodishwa kwa kampuni ya Waingereza, ile ya IBEA. Tarehe 1 Julai 1895 ikaingia serikali ya himaya, ikiwa chini ya wizara ya mambo ya nje ya London, na Aprili 1905 ikahamishiwa wizara ya makoloni. Mwaka 1920 bara ikaitwa koloni la Kenya, huku mwambao ukibaki himaya kwa jina la Sultani.

Faida ya kujua haya ni ya vitendo. Katika nyaraka za taifa za Uingereza zilizoko Kew, barua za himaya hii kabla ya 1905 ziko kwenye mafungu yanayoanza na FO, hasa FO 2, na baada ya hapo kwenye CO 533. Orodha yao unaisoma bure kwenye intaneti. Na bibi yako akisema mzee "alitumikia Wajerumani", usikimbilie Tanganyika. Wajerumani walikuwa Witu, karibu na Lamu, mpaka 1890, na walikuwa na posta yao hapahapa Lamu kuanzia 1888 hadi 1891.

Kama mzee alikuwa liwali, mudiri au kadhi, anza na Gazeti Rasmi. Lilianza 1899, na matoleo mengi yanasomeka bure kwenye Google Books. Vyeo hivyo vilitangazwa humo kwa jina. Liwali wetu wa Kismayu hakutangazwa popote kwa namna yoyote ya tahajia. Ukimya huo ndio ulionishtua kwanza. Tarishi, mkalimani, askari na karani mdogo kwa kawaida hawamo, kwa hiyo kutokuwemo kwao si hoja. Gazeti pia lina matangazo ya mirathi, yapitie. Mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi sana, kwa hiyo ukikosa kwa kutafuta neno, fungua mwaka wenyewe na upekue.

Kama alikuwa askari, kumbuka kwamba jeshi la KAR (King's African Rifles) liliundwa 1902. Angalia medali kwenye ukingo wake, si usoni, kwani mara nyingi namba na jina la mwenyewe huchorwa hapo. Aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, wale wa Kariakoo, ni mgumu zaidi kumpata kwa jina.

Nyaraka za Nairobi

Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, jengo la zamani la benki, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Nenda na kitambulisho, lipia kadi ya msomaji, na chukua penseli. Faili za mkuu wa wilaya ya Lamu huanza na DC/LAM na za mkuu wa jimbo PC/COAST. Usianze kwa kutafuta jina la babu, hutalipata kwenye orodha. Anza na ripoti za mwaka, ripoti za makabidhiano ambazo bwana shauri (mkuu wa wilaya) mmoja alimwandikia mwenzake aliyempokea, na daftari la siasa la wilaya. Hizo zitakuonyesha ofisi ilikuwa na watu wangapi, kituo gani kilifunguliwa au kufungwa, na nani alilaumiwa kwa nini. Majina ya wadogo hujitokeza pale mambo yalipoharibika: mizani iliyopunja, ugomvi na nahodha wa jahazi la boriti, likizo iliyopitiliza.

Moto wa 1939 uliteketeza nyaraka nyingi za makao makuu Nairobi. Ndiyo maana faili za wilaya zina thamani kubwa: jambo lililoungua Nairobi laweza kuwa na nakala yake iliyobaki Lamu.

Na Kismayu je? Jubaland, eneo lenye Kismayu, ilikuwa sehemu ya himaya hii mpaka 1925, ilipokabidhiwa Waitaliani. Kwa hiyo usiende kumtafuta Roma mtu aliyefanya kazi huko 1918, mtafute Nairobi kwenye faili za Jubaland. Mimi nilimkuta kwenye ukurasa mmoja tu, katika orodha ya mishahara ya forodha: jina lake, jina la baba, "Lamu", rupia 45 kwa mwezi. Pauni tatu. Nilikaa nikiutazama ukurasa ule mpaka mzee wa meza ya mbele akaniuliza kama niko salama.

Siku moja nilipata pia orodha kama hiyo ya Malindi. Nikaweza kuchora mstari wa maisha yake: Lamu mpaka 1911, Malindi 1912 hadi 1916, Kismayu 1916 hadi 1925, kisha nyumbani. Chora mstari kama huo kwenye karatasi ndefu, miaka juu, kizungu na Hijria sambamba. Hiyo ndiyo meza utakayoweka ndoa juu yake.

Tahadhari moja kabla hatujaondoka hapa. Mtu yuleyule utamkuta ameandikwa Mwarabu mwaka huu, Mswahili mwaka ujao, Mbajuni mahali pengine. Kodi, mshahara na heshima vilikwenda kwa kabila uliloandikiwa, na watu walijitetea. Usijenge nasaba kwa fomu ya kodi.

Sasa ndoa

Sheria ya 1906 iliweka daftari la kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Lakini nikaha husimama kwa walii, mashahidi wawili na kauli, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Ukikosa cheti hujathibitisha kwamba hakukuwa na ndoa. Na ukipata cheti hujathibitisha kwamba ndoa ilidumu, kwani talaka nyingi zilitamkwa zikaishia mdomoni.

Ushahidi bora wa ndoa, kwa uzoefu wangu, ni mirathi. Nenda mahakama ya kadhi na majina ya marehemu na mwaka wa kifo kwa kalenda zote mbili. Uwe na subira. Katika ofisi moja niliambiwa daftari limeliwa na mchwa. Nikarudi mwaka uliofuata, karani mwingine akalitoa kabatini likiwa zima, hata vumbi halina.

Mirathi ya mzee wetu ni ya mfungo sita 1346, karibu Septemba 1927. Nakuonyesha namna ya kuisoma. Baada ya deni na wasia, mali iligawanywa mafungu 80. Mwanamume mmoja alipata 28, mabinti watatu 14 kila mmoja, na chini yao majina mawili ya wanawake yenye 5 na 5. Mke akiwa pamoja na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na wake wakizidi mmoja hugawana thumni hiyohiyo. Thumni ya 80 ni 10, na 10 imekatwa mara mbili. Basi siku mzee alipokufa alikuwa na wake wawili, wala si saba. Eda mbili za shangazi zikakaa sawasawa na hesabu ya kadhi. Daftari lako likitoa hesabu bila majina, bado unaweza kurudi nyuma hivi: ukijua watoto, fungu la mke litakwambia walikuwa wangapi.

Ila mirathi huonyesha walio hai na walio katika ndoa siku ya kifo tu. Aliyetangulia kufa hayumo. Mtalaka aliyekwisha toka eda hayumo. Mmoja wa wale mabinti watatu aliandikwa "yuko Kismayu", na mamake hakuwa mmoja wa wale wawili. Ukoo wetu ulikuwa na jibu lake, lililosemwa kwa sauti ya chini: huyo hakuolewa, alikuwa "mtu wa nyumbani tu".

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma ukurasa kuanzia juu. Mahari ambayo haikulipwa ni deni, na deni hutolewa kabla ya urithi. Kwenye orodha ya madeni, kati ya mwenye duka la nguo na fundi wa dau, palikuwa na mstari: mahari ya mtalaka wake aliyeko Kismayu, rupia 60, sawa na shilingi 120. Mtalaka. Hadaiwi mahari asiyeoa. Bibi yule alisemwa vibaya kwa karibu miaka tisini, naye alikuwa na nikaha, na mahari yake ilikuwa haijalipwa.

Nilirudi kwa shangazi nikamsomea. Alinyamaza, kisha akauliza kama alilipwa.

Njia ya pili ni mali ya wanawake wenyewe. Kwa desturi ya nyumba za mawe za Lamu, binti hupewa nyumba au ghorofa anapoolewa, au hujengewa wikio, chumba cha daraja, juu ya ujia kuunga nyumba ya mamake na yake. Fuata nyumba nawe utafuata bibi: nani alimpa nani, kwa hati gani, na mume aliingia lini. Angalia hati za wakfu pia, maana mwenye kuweka wakfu hutaja kizazi kitakachofaidi, na aliyeachwa nje huonekana kwa kutokuwemo.

Upande wa Malindi mambo ni mepesi kidogo. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao walete madai ya mashamba yao, na madai hayo yana majina ya warithi wa kike. Kazi hiyo ilikatizwa 1922 kabla haijamalizika, kwa hiyo usishangae ukimpata mtu Malindi usimpate Lamu. Mjane wetu wa Malindi nilimkuta kwenye dai la 1914 akirithi minazi ya babake, na aliyesimama kumwakilisha ameandikwa kuwa ni mumewe. Kwetu ilikuwa ikisemwa kwamba mzee alimwoa uzeeni, baada ya Kismayu, "ili atunzwe". Mstari wa kazi unasema alikuwa Malindi tangu 1912. Walioana wote wangali vijana, na yeye ndiye mwenye minazi.

Suria na ndoa ya siri

Haya mawili yataje taratibu. Serikali iliacha kuutambua utumwa kisheria katika mwambao huu mwaka 1907, kwa hiyo mzee aliyezaliwa miaka ya 1860 au 1870 huenda alikuwa na suria. Kwa sharia mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni huru, na hurithi sawa na wenzake. Kwenye mirathi utamwona na fungu lake kamili, bila mama. Kama hakuna deni la mahari wala taja ya talaka, usijaze nafasi kwa kubuni. Na kabla hujamwambia mtu kwamba bibi yake alikuwa suria, jiulize kama amekuuliza. Mimi nina jambo moja la namna hiyo kwenye daftari langu, na halitatoka humo bila idhini ya wenyewe.

Ndoa ya siri ni ndoa, ina walii na mashahidi, ila mke wa kwanza na majirani hawakuambiwa. Huacha alama ndogo: pesa zinazotumwa kila mwezi kwa jina lisilojulikana, mtoto anayekuja sikukuu na kuitwa "mgeni wa baba". Alama hizo zikusanye, usizisome kwa haraka.

Kuhesabu upya

Sasa rudi kwenye idadi ya familia na uipasue. Saba wetu walikuwa hivi. Bibi wa Lamu alihesabiwa mara mbili, mara kwa jina lake na mara kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mmoja alikuwa mjane wa nduguye mzee, aliyelishwa na kuvishwa naye lakini hakuolewa naye. Mmoja alikuwa yaya. Wakabaki wa Lamu, wa Malindi, wa Kismayu, na mmoja wa Mombasa ambaye ametajwa na watu wawili waliosikia kwa mtu mmoja. Kwa hesabu hiyo, wawili hao ni shahidi mmoja.

Kwenye daftari ninatumia maneno matatu: imethibiti, yaelekea, yasemwa. Kila mstari una moja kati ya hayo, tarehe niliyoandika, na nimeipata wapi, namba ya faili au jina la aliyenisimulia. Nakala moja iko kwangu, moja kwa binamu Malindi, na moja nimempa shangazi aiweke kwenye kasha lilelile. Wake watatu wako kwa wino. Bibi wa Mombasa yuko kwa penseli, na mwezi ujao nakwenda Mombasa kutafuta kama mzee alipitia forodha ya huko kati ya 1911 na 1912, maana hapo kwenye mstari wake pana miezi mitano ambayo bado haina bandari.